Saa 24

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024 binamu yangu alipanda matatu hapa Machakos akaenda Nairobi kupinga Mswada wa Fedha. Mimi nilibaki. Niliambia watu nina kazi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Jioni simu yake ikazima. Kesho yake tukasikia yuko katika kituo fulani cha polisi. Alhamisi nikaenda, Katiba ikiwa kwa simu.

"Afande, kifungu cha 49 kinasema mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24. Huyu ana siku ya tatu."

"Wewe ni wakili?"

"Hapana."

"Basi kaa hapo kwa benchi, kijana."

Nikakaa. Hapo ndipo swali lilinishika: kama haki yangu imeandikwa na bado inachekwa, iliandikwa ya nini?

Nilimkumbuka susu, nyanya yangu. Alikuwa mtoto mwaka wa 1938, wakati serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe, ikidai mifugo ni wengi mno na wanaharibu udongo. Muindi Mbingu aliongoza umati kutoka Machakos hadi Nairobi kumwona gavana, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Mwishowe serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo, lakini Muindi alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Leo ana barabara jijini Nairobi, na wengi wetu tunaijua kwa sababu ya City Market tu.

Muindi hakuwa na Katiba kama yetu. Je, hakuwa na haki? Katiba ya 2010 inajibu katika kifungu cha 19: haki ni za kila mtu, hazitolewi na Serikali. Basi wale wa 1938 walikuwa nazo. Walichokosa ni mahali pa kuzidai. Mkuu wa wilaya wa kikoloni ndiye alitawala, na huyo huyo alikuwa na mamlaka ya hakimu. Akikuonea, utamshtaki kwa nani?

Shuleni tulikariri mihimili ya serikali ili tupite mtihani. Kwa benchi niliielewa. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, nayo yamekabidhiwa mabunge, serikali kuu na za kaunti, pamoja na mahakama. Yamegawanywa ili anayekukamata asiwe ndiye anayekuhukumu. Saa 24 ni mgawanyo huo huo: zikiisha, polisi lazima akupeleke mbele ya mtu ambaye si bosi wake wala mdogo wake.

Muindi alipopelekwa Lamu, sheria ya wakati huo ilikuwa upande wa aliyempeleka. Binamu yangu alipozuiliwa, aliyevunja sheria ni aliyemzuilia. Hiyo ndiyo tofauti, na si ndogo. Nilipoomba kuona jina lake kwa OB, afande hakucheka tena. Alikifunga kitabu, akaingia ndani. Jioni binamu akaachiliwa bila mashtaka. Sisemi ni mimi niliyemtoa. Nasema tu kwamba yule mtu alijua.

Sasa kuna jambo linaloninyima usingizi. Kifungu cha 3 kinampa kila mtu wajibu wa kuitetea Katiba, na cha 22 kinaturuhusu kwenda kortini haki ikivunjwa. Mahakama Kuu iko hata hapa Machakos. Lakini binamu anasema, "Wachana nayo. Niko nje." Bado akisikia gari likisimama nje usiku, anazima taa.

Najiuliza kama hamu yangu ya kushtaki ni ya haki, au ni aibu ya kubaki nyumbani Jumanne ile. Nikimburuta kortini, nitakuwa na mimi nimeamua juu yake bila kumuuliza. Nikinyamaza, afande mwingine atamwambia kijana mwingine akae kwa benchi.

Nimefanya kitu kimoja. Nimeandika tarehe, saa na kila neno nililoambiwa kabla sijasahau. Karatasi nimempa yeye. Ameikunja, akaiweka pamoja na kitambulisho chake. Hajaitupa.