Usingizi wa Mzazi wa Njiti

Wahenga walinena: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakutwambia mwenye uchungu huo alale saa ngapi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba huitwa njiti, kwa wembamba wake. Na mzazi wake, awe wa Pemba au wa Kasoli, huko Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, hukabiliwa na suala zito: je, ni halali kwake kufumba macho ilhali pumzi ya mwanawe haina hakika?

Wapo wanaoshikilia kuwa kukesha ndiyo mizani ya mapenzi. Hoja yao haidharauliki. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi kumkinga na baridi. Huweza kusita kupumua ghafla. Naye hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku kama mchana. Hata hivyo, hoja hiyo ina ufa. Kukosa usingizi majuma kwa majuma humpokonya mtu subira, kumbukumbu na matumaini, na huzuni inaweza kugeuka sonona. Ikiwa mtoto ni amana, basi na mwili unaoibeba amana hiyo una haki ya kutunzwa.

Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alianzisha utaratibu wa kumfunga mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, ambao leo unaitwa kangaruu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionesha kuwa kuanza utaratibu huo mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja mtoto atengemae, kulipunguza vifo vya watoto wachanga wenye uzito mdogo kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto abebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa 24! Ni kiumbe gani awezaye peke yake? Hapa suala lenyewe hugeuka. Kuuliza iwapo mama ana ruhusa ya kulala ni kuuliza nusu tu. Nusu ya pili ni nani atakayekesha kwa niaba yake. Maziwa ni ya mama, lakini joto si lake peke yake: kifua cha baba hupasha, na cha bibi hupasha.

Mwaka 2025 sheria za kazi za Tanzania zilirekebishwa, mama mwajiriwa aliyejifungua njiti akaongezewa likizo. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mkulima wa pamba wa Kasoli hana mwajiri wa kumpa likizo; likizo yake ni jirani atakayempalilia shamba, na shemeji atakayemchotea maji.

Limebaki lililo gumu zaidi. Vipi ikiwa mtoto atafariki mama akiwa usingizini? Wengi watamhukumu, naye atatangulia kujihukumu. Lakini lawama humstahiki aliyeweza akaacha; aliyeishiwa na nguvu hakuacha kitu. Msiba wake ni msiba, wala haugeuki kosa kwa kuwa ulimkuta amelala. Ikiwa pana wa kuulizwa, na waulizwe waliokuwa macho, wakamwona akikesha peke yake, wakapita.