Fundi Alifungua Mlango, Kasha Likabaki

Wanangu wa Kilimani, nilihamia mtaa huu nyumba zake zikiwa za chini, zimezungukwa na ua wa kayaba. Leo nikitazama ghorofa za Kindaruma Road usiku, kila dirisha lina kijana na laptopu yake. Nawaonea fahari. Nina neno moja tu nanyi, na nililipia kulijua.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilitafsiri nyaraka za mahakama. Kila istilahi iliyonitoa jasho niliiingiza katika kamusi yangu mwenyewe, ndani ya kompyuta. Kwa kuwa kazi ile ilibeba siri za watu, faili zote nilizisimba kwa Windows XP: unaweka tiki mahali pamoja, majina ya faili yanageuka kijani, na asiyekuwa wewe hasomi kitu.

Mwaka 2009 nilibadilisha nenosiri, kisha nikaugua. Nilipopona, neno lilikuwa limenitoka kichwani. Nikampelekea mashine fundi mmoja kijana. Hakumaliza nusu saa: aliingia kwa akaunti ya msimamizi, akaniwekea nenosiri jipya. Kompyuta ilimwonya kwamba huenda taarifa zikapotea moja kwa moja. Akabofya kuendelea, nami nimesimama pembeni nikimsifu.

Faili zilikuwapo zote, kijani vilevile, na kila niliyoigusa ilinikatalia. Fundi akadhani Windows imeharibika. Akaifuta sehemu ya C iliyobeba Windows, si ile yenye faili zangu, akaiweka Windows upya. Siku tatu baadaye, nikiwa ndani ya matatu namba 46, nenosiri la zamani likanijia lote, herufi kwa herufi. Nilishuka Yaya nikaenda mbio kama mwizi. Halikunifaa kitu.

Sikilizeni kwa nini. Nenosiri lina kazi mbili. Kwanza ni bawabu, anayekuruhusu kupita langoni. Pili, ndilo linalofungia ufunguo wa faili zako. Ukilibadilisha mwenyewe, ukitaja la zamani kwanza, kompyuta hulitumia la zamani kuutoa ufunguo, kisha huufungia tena kwa jipya. Mtu mwingine akikubadilishia kwa mabavu, bawabu anatii, lakini ufunguo unabaki umefungwa kwa neno la jana. Hata hapo haujapotea. Ningalirudisha neno la zamani, kasha lingalifunguka. Kilichoniangamiza ni kufutwa kwa C, maana ufunguo wenyewe ulikuwa umelala humo.

Nyinyi mmekua mkisamehewa. Ukisahau PIN ya M-PESA, unathibitisha kwamba ni wewe, unapata nyingine, na pesa zako zipo, kwa sababu daftari lake inalo kampuni yenyewe. Kitu kilichosimbwa kwa ufunguo ulio mkononi mwako peke yako hakina daftari kwa yeyote. Tangu 2021 WhatsApp inakuruhusu kusimba nakala ya mazungumzo yako. Ukipoteza nenosiri lake, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Laptopu nyingi za Windows 11 hujisimba bila mwenyewe kujua. Siku fundi akibadilisha ubao mkuu, skrini inakudai nambari ya tarakimu 48. Je, unajua yako iko wapi?

Basi shikeni haya. Ukisimba chochote, papo hapo toa ufunguo wake au nambari yake ya uokoaji, uiweke nje ya mashine hiyo: kwenye flashi, au kwenye karatasi, palipo na hati zako za thamani. Weka ya pili mahali pengine, kwa mtu unayemwamini, kwa maana nyumba huungua na begi huibwa. Akiba haiozi, ila akiba iliyofungiwa ndani ya kasha lenyewe si akiba. Halafu jaribu kufungua kwa huo ufunguo wa akiba ukiwa bado huna shida. Na ukikwama, kataza mtu yeyote kufuta diski. Mwambie fundi angoje. Kumbukumbu ya binadamu hurudi kwa wakati wake.

Sisemi muache kusimba. Laptopu huporwa Nairobi hii, na ndani mna mambo ya wateja wenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja usimbaji miongoni mwa kinga, na papo hapo inataja uwezo wa kurejesha data. Waliotunga sheria waliviona viwili hivyo pamoja. Mimi nilikiona kimoja.

Diski ile ningali nayo kwenye droo. Wajukuu huniuliza kwa nini siitupi, na ni mbovu. Nawajibu kwamba si mbovu hata kidogo. Niliiagiza imzuie kila mgeni, na mpaka leo inatii. Mgeni ni mimi.