Sahihi kwa Ajili ya Mwingine

Aprili 1920, katika mahakama ya New York, James Larkin, kiongozi wa wafanyakazi wa Ireland, alijitetea mwenyewe. Kosa lake lilikuwa maandishi: tamko la wasoshalisti wa mrengo wa kushoto, lililochapwa gazetini, ambalo waendesha mashtaka walisema linachochea kuangushwa kwa dola. Akahukumiwa kifungo cha miaka 5 hadi 10.

Wafanyakazi wa Dublin waliodai aachiliwe walikuwa na deni gani kwake?

Wengi hujibu upesi kwamba alikuwa mwenzao. Lakini Larkin alikuwa mtu mgumu, mkali, mwepesi wa kugombana. Aliondoka Ireland mwaka 1914, na chama cha wafanyakazi alichokiasisi kilikua bila yeye. Miongoni mwa waliokishika wapo ambao hawakutamani arudi. Kama tunamtetea mtu kwa sababu tunampenda, au kwa sababu maoni yake ni yetu, basi huyu alistahili kuachwa.

Mimi narudi kwenye mwaka 1913. Waajiri wa Dublin, wakiongozwa na William Martin Murphy, waliwawekea wafanyakazi karatasi ya kukikana chama cha Larkin. Asiyetia sahihi, hana kazi. Wako waliokataa ilhali wao wenyewe hawakuwa wanachama wa chama hicho! Kila nikiwafikiria watu hao nasimama. Hawakuwa na kadi ya kuilinda. Walichokataa ni mkono wao kutumika kugeuza uanachama wa jirani kuwa kosa, na watoto wao wakalala njaa kwa ajili hiyo.

Mnamo Septemba, vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vilileta meli ya chakula. Mwezi Desemba vilikataa kugoma pamoja nao. Siudharau mkate ule, uliokoa watu. Ila aliyeutuma hakuhatarisha chake. Mshikamano nauona pale mtu anapojiweka mahali ambapo pigo la mwenzake laweza kumfikia naye.

Kwa mfungwa aliye ng'ambo, kuli wa Dublin alikuwa na jina lake tu la kuweka kwenye dai kwamba aachiliwe. Kuliweka upande wa mtu aliyefungwa kwa maandishi si jambo dogo.

Gavana wa New York, Al Smith, asiyekubaliana kabisa na siasa za Larkin, alimsamehe Januari 1923. Larkin akarudi nyumbani Aprili, akagombana na viongozi wa chama, na mwaka 1924 kikagawanyika. Waliomtetea hawakuwa wamekosea. Hawakumtetea ili awe mtu mwema.