Deki Imekufa, Mkanda Ungalipo

Siku hizi wazee wenzangu huuliza swali ambalo vijana hulicheka. Deki ya video ikifa, je, ni haki kutumia fedha za nyumba kutafuta nyingine, ili tu kutazama mikanda ya zamani? Swali hili si la kuchekwa, maana ndani yake mna jingine lililo kubwa zaidi: sisi tulio hai tunadaiwa nini na waliotutangulia, na tunadaiwa nini na watakaotufuata?

Yafaa tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mkanda wa VHS ulianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Huku Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo, isipokuwa kwa wale walionasa mawimbi ya Zanzibar au Kenya, mwenye seti nyumbani alitegemea deki. Baadaye wapiga picha walianza kuja harusini na kwenye kipaimara wakiwa na kamera begani, na kumbukumbu za nyumba nyingi zikaingia katika mikanda hiyo. Leo mashine zenyewe zinakwisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Deki utakayoipata leo ni ya mtumba, au ni masalio ya ghala.

Wanaotetea kununua husema: usiache mbachao kwa msala upitao. Wanaopinga nao wana hoja. Husema kwamba ada ya mtoto na dawa ya mgonjwa hutangulia, na kwamba mtu aweza kukaa na ya kale hata akawasahau walio mbele yake. Hoja hiyo ni ya kweli. Nyumba ambayo mtoto amerudishwa kwa kukosa daftari haina ruhusa ya kununua deki.

Hata hivyo, siyo kila mkanda ni burudani. Nyumbani kwangu upo mkanda wa harusi ya dada yangu, wa mwaka 1992. Humo marehemu mama anasimama, anatengeneza khanga yake begani, na kumpa bibi harusi nasaha kwa muda usiozidi dakika nne. Hatuna mahali pengine tulipoihifadhi sauti yake. Mwanangu aliniambia, "Baba, picha yake si ipo ukutani?" Nilimjibu kwamba picha ya ukutani haisemi.

Lakini hapa pana jambo ambalo sisi wenye kutetea hatupendi kulisikia. Mkanda ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembechembe zinazoshika usumaku, zikishikiliwa na gundi. Unyevu huidhoofisha gundi hiyo, na ukungu huota. Tena, utepe unapopita, vichwa vya deki vinavyozunguka huugusa, na kila mguso huulaza kidogo. Maana yake ni kwamba kila tunapoutazama tunaupunguza. Anayemtazama mama yake kila Jumapili jioni kwa upendo anamfuta polepole kwa upendo huohuo.

Hilo ndilo linaloamua swali letu. Mkanda ule si mali yangu, ni amana. Mama aliyemo ni bibi wa watoto ambao hawajazaliwa. Mwenye amana hana haki ya kuila mwenyewe mpaka ikwishe, wala kuifungia kabatini ioze. Kazi yake ni kuifikisha. Kwa hiyo kununua deki ili niendelee kutazama peke yangu ni anasa, lakini kuitafuta, au kuiazima, ili yaliyomo yahamishwe kwenye kompyuta na kugawiwa ndugu wote, ni wajibu. Na si wajibu wa kuahirishwa. Mwaka 2019 UNESCO na wahifadhi wa kumbukumbu za sauti walitoa tahadhari ya dunia nzima kwamba mashine za kusomea mikanda zinatoweka.

Kwa anayetaka kuifanya kazi hiyo, nashauri haya. Kwanza, ndugu wachange na kununua deki moja, kisha izunguke nyumba kwa nyumba. Pili, deki ya mtumba ijaribiwe kwa mkanda usio na thamani, maana mbovu hutafuna utepe. Tatu, mkanda wenye ukungu usiingizwe mashineni kabla fundi hajausafisha, usije ukaambukiza mingine. Nne, vunjeni kile kipande kidogo cha plastiki kilichoko mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tano, nakala zikae mahali pawili au zaidi.

Liko jambo la sita ambalo halihitaji mashine. Siku mtakapoutazama, wakalisheni wazee mbele na kijana mmoja ashike kalamu. Aandike: huyu wa kushoto ni nani, yule mwenye ngoma ni mtoto wa nani, nyumba ile ilikuwa kijiji gani. Wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka, kwa haraka kuliko deki. Mali bila daftari hupotea bila habari.