Shule nzuri, basi la alfajiri
Sifa ya shule ya msingi huonekana kwenye matokeo ya darasa la saba. Gharama ya umbali huonekana kwenye usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa saa 9 hadi 12. Anayetoka Bunju kwenda Upanga, jijini Dar es Salaam, kilomita 30 hivi, huamshwa saa 10:30 alfajiri ili basi la shule lisimwache. Kupata hizo 9 tu, sharti awe amelala saa 1:30 usiku, na foleni humfikisha nyumbani saa 12 na ushei. Kuoga, kula na kazi za shule hugombea muda uliobaki. Kijiko cha wali kiko mkononi, macho yameshafumba. Ufaulu hubandikwa getini. Uchovu huu haubandikwi popote. Mzazi makini hupanda basi hilo mwenyewe kwanza, hasa siku ya mvua.