Birika Lenye Bomba la Moshi Tumboni

Wakati wa palizi, wengi wetu hapa Songea hushinda shambani siku nzima. Watu huondoka alfajiri na majembe, viazi vilivyochemshwa na dumu la maji. Jua likifika utosini dumu limekauka, na aliye karibu na kijito anatumwa kuchota. Maji hayo hunywewa hivyohivyo, wala si kwa ujinga. Mama yeyote aliyekesha na mtoto anayeharisha anajua maji ya kijito yanaweza kuleta nini. Kinachomshinda ni moto. Mvua za Novemba hadi Aprili zimelowesha kuni, upepo unavuma kila upande, na kukoka moto wa mafiga kwa ajili ya lita moja ya maji anaona ni kufuja kuni alizozibeba mwenyewe. Nami nasema ana haki ya kuona hivyo.

Msafiri mmoja wa baiskeli, akielekea Mbamba Bay, aliomba kupiga hema pembeni mwa shamba letu. Asubuhi alitoa chombo cha chuma, kipana chini na chembamba juu, akakiweka juu ya bakuli lenye tundu ubavuni. Aliligeuza tundu kuelekea upepo, akawasha majani makavu na vijiti vya unene wa kidole, kisha akawa anadondosha vijiti vingine kwa juu. Moto ulinguruma humo ndani kama unaoitwa. Shangazi yangu alikuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani. Akautua.

"Hebu muulize mgeni, mwanangu, kuni zake ziko wapi?"

Nilimuuliza. Mgeni akafungua kiganja, akaonyesha vijiti vilivyobaki. Shangazi aliketi palepale chini, na hakuondoka mpaka maji yalipochemka. Mimi nilikuwa nikitazama birika. Yeye, naamini, alikuwa akihesabu safari zake za msituni.

Siri ya chombo kile ni nyepesi. Kina kuta mbili, maji yamekaa katikati ya kuta hizo, na bomba la moshi limepita tumboni mwake. Moto hauchomi kitako peke yake. Unapanda katikati ya maji, na maji yanauzunguka pande zote. Upepo unaouzima moto wa mafiga ndio unaolichochea birika hili. Fikiria hesabu yake: kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi ichemke, kama joto lisingepotea hata chembe, kungetaka gramu 20 hivi za kuni kavu. Mafiga matatu kwenye uwazi huweza kupoteza sehemu tisa kati ya kumi za joto lake. Gramu 20 zinakuwa 200, na mwenye kuzibeba ni shingo ya mtu.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Samawari, iliyopata kutumika pwani, nayo ina bomba la makaa katikati ya maji. Huko Ireland, ukoo wa Kelly ulianza kutengeneza birika la namna hii mwishoni mwa karne ya 19, likapendwa na wavuvi wa ziwani. Mwaka 1929, John Ashley Hart wa New Zealand alibuni lake, akaliita Thermette. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi la nchi yake lililichukua, na askari walichemshia chai jangwani Afrika Kaskazini. Wavuvi wa mapumziko walifikiriwa, askari wakafikiriwa, watembezi wa kambi za hema wanafikiriwa hadi leo. Mwanamke anayepalilia mahindi, ambaye kila kijiti kinamgharimu jasho, hakuna aliyemtengenezea. Hilo linaniuma.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi Januari 31, 2024 kuachana na kuni na mkaa. Nauunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Lakini mtungi wa gesi ni wa jikoni. Sijaona mtu akiubeba kwenda palizi. Na sisi wa Songea tuna sababu yetu ya kuhesabu kuni. Milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, ndiyo inayotupa pia sehemu ya maji ya mji wetu. Tukiivua miti yake ili tuchemshe maji, siku moja tutakuwa na moto, na cha kuchemsha hatuna.

Mtu aliniambia kwamba huku juu maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha, kwa hiyo kuyachemsha ni kazi bure. Ni kweli kwamba tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hutokota kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Vijidudu vya kuhara hufa kabla ya hapo. Yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha. Ni juu ya mita 2,000 ndiko wataalamu wanakotaka dakika tatu.

Kwa hiyo nimekwenda kwa fundi bati anitengenezee birika kama lile. Hawa wanaotengeneza majiko, karai na ndoo hawashindwi na mabomba mawili yaliyoingizwa moja ndani ya jingine. Tumekubaliana mambo mawili bila ubishi: viungio visizibwe kwa risasi, maana risasi huingia kwenye maji na kudhuru watoto, na mdomo wa maji usiwe na kizibo cha kubana, kwani mvuke uliofungiwa hupasua chuma. Ubishi uko kwenye bomba la moshi. Fundi analitaka jembamba ili maji yapate joto lote. Shangazi, niliyemchukua makusudi, analitaka pana ili gunzi la mahindi lipite, kwa kuwa magunzi ndiyo tuliyonayo tele baada ya mavuno na hayamlazimishi mtu kukata mti. Fundi amesema birika litapoteza joto. Shangazi amemjibu kwamba birika lisilokula gunzi halikutengenezwa kwa ajili ya mkoa wetu wa Ruvuma, na mimi niko upande wake.