Mpaka Ndani ya Graniti

Wepesi wa kusumakika ni kipimo cha jinsi jiwe linavyoitikia uga wa sumaku unaoletwa karibu nalo. Kifaa cha mkononi hubandikwa kwenye uso wa mwamba, hutoa uga dhaifu, kisha husoma mwitikio na kuutoa kama namba isiyo na kizio. Wanajiolojia hukusanya namba hizo kutoka sehemu nyingi za eneo lenye graniti, huziweka kwenye ramani, kisha hutenga sehemu moja na nyingine kwa mistari. Hapo huzuka swali la kifalsafa: je, mpaka huo ulikuwemo mwambani kabla ya kupimwa, au umewekwa na mpimaji?

Swali hili ni la kale. Katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, Plato alitaka vitu vigawanywe kwa kufuata maungio yao ya asili, kama mchinjaji stadi anavyopasua nyama kwenye viungo bila kuvunja mfupa. John Locke, katika karne ya 17, alishuku madai ya namna hiyo. Kwake, mipaka ya aina za vitu huwekwa na watu kwa kufuata sifa walizochagua kuzikusanya chini ya jina moja. Graniti inafaa kuzipima hoja hizo, kwa kuwa inazo pande zote mbili.

Mwaka 1977, mwanajiolojia wa Japani Shunso Ishihara aligawa miamba ya jamii ya graniti katika mifululizo miwili: wa magnetaiti na wa ilmenaiti. Kwa macho, mawe ya mifululizo hiyo yanaweza kufanana kabisa, yote yakiwa na kwatzi, feldspa na ulanga mweusi. Tofauti imo katika madini machache mno. Mfululizo wa kwanza una magnetaiti kati ya asilimia 0.1 na 2 ya ujazo wake. Wa pili karibu hauna. Kwatzi na feldspa husukumwa kidogo sana na sumaku, ulanga mweusi huvutwa kidogo, lakini wepesi wa magnetaiti kusumakika hukaribia 3. Kwa hiyo asilimia 0.1 yake hulipa jiwe zima thamani ya 0.003 hivi, na namba hiyo ndiyo hutumiwa kutenga mifululizo hiyo miwili.

Locke angesema kwamba 0.003 ni chaguo la watu, na ni kweli kwamba mpimaji mwingine angeweza kusogeza mpaka kidogo. Hata hivyo, vipimo kwa kawaida hukusanyika katika makundi mawili, na thamani za katikati huwa chache. Sababu iko katika magma. Palipokuwa na hali ya uoksidishaji, magnetaiti iliganda. Magma ilipokosa hali hiyo, pengine kwa kumeza kaboni ya miamba ya mashapo, chuma kiliingia zaidi katika ulanga na ilmenaiti. Mgawanyo huo pia huonyesha mambo yasiyotumika kuuchora. Kusini-magharibi mwa Japani, ukanda wa Sanin, upande wa Bahari ya Japani, una hasa graniti za magnetaiti pamoja na molibdeni. Ukanda jirani wa Sanyo una hasa graniti za ilmenaiti pamoja na tangsteni na madini ya bati. Mpaka unaotabiri madini ambayo kifaa hakikuyapima ni vigumu kuuita ubunifu wa mpimaji.

Mambo ni tofauti katika graniti ya Mont-Louis na Andorra, katika milima ya Pyrenees, iliyoelezwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1993. Humo magnetaiti karibu haipo, hivyo kinachopimwa hasa ni chuma kilichomo kwenye ulanga mweusi. Thamani hushuka hatua kwa hatua kadiri mwamba unavyopungukiwa na ulanga. Ramani yake hueleza mpangilio wa ndani wa mwamba huo, ingawa mahali hasa pa kupitisha kila mstari huamuliwa na mchoraji. Badiliko ni la mwamba, ila kituo cha kulikata ni cha mtu. Hapa Locke anashinda.

Pierre Duhem, katika kitabu chake cha mwaka 1906 kuhusu nadharia ya fizikia, aliongeza tahadhari: hakuna kipimo kisichobeba nadharia ndani yake. Kifaa hudhani kwamba uso wa jiwe ni tambarare na haujachakaa. Magnetaiti iliyokaa kwenye hewa na mvua hugeuka hemataiti, na usomaji hushuka. Mpimaji asiyejihadhari anaweza kuuchora mpaka wa uchakavu akidhani ni mpaka wa magma. Dawa yake ni kuvunja jiwe hadi sehemu mbichi, kurudia usomaji, na kulikagua kwa hadubini.

Kwa hiyo ramani moja huweza kuchora kwa wino uleule mipaka ya namna tatu: ya asili, ya makubaliano na ya makosa. Kipimo peke yake hakitoshi kuitenganisha. Kinachoitenganisha ni kuangalia kama upande wa pili wa mstari hubadilika pia vitu vingine, yaani madini, kemia na historia ya magma. Vikibadilika pamoja, mpaka ni wa mwamba. Namba inapobadilika peke yake, mpaka bado ni dai la mchoraji linalosubiri ushahidi.